Mlango Uliochapwa Kinyume

Habari ya milango mimi sifundishwi na mtu. Kutoka Malindi mpaka Shangani, nioneshe mlango nitakwambia ni mti gani, umechongwa na mkono wa aina gani, na kama aliyeuchonga alikuwa na njaa siku ile. Skuli niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sina hakika kama nililimaliza mimi au lilinimaliza lenyewe. Lakini leo nina karakana yangu Mji Mkongwe, nina mafundi chini yangu, nina nyumba ya ghorofa Mwanakwerekwe niliyoijenga tofali kwa tofali bila ya kumpigia mtu magoti. Wale niliosoma nao wakafika vyuo vikuu, wananiita mheshimiwa wakitaka vitanda vya harusi za watoto wao. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kitu kimoja tu sikujaaliwa, nacho ni kutulia. Mke wangu husema nyayo zangu zina siafu.

Kuchapa picha nilijifunza mwenyewe. Sisi wachongaji tangu zamani hubandika karatasi juu ya nakshi za mlango wa kale, tukaisugua kwa mkaa, tukapata mfano wa kuchongea mwengine. Siku moja nikajiuliza, mbona karatasi hii nzuri kuliko mlango wenyewe? Nikaanza kuchonga mbao ndogo kwa ajili ya karatasi tu. Ninachonga picha kwenye ubao wa mfenesi, ninapaka wino kwa rola, ninalaza karatasi juu, ninakandamiza. Nikiibandua, picha imehama. Lakini imehama kinyume: kilichokuwa kulia kwenye ubao kimekwenda kushoto kwenye karatasi, kama unavyojiona kwenye kioo. Kwa hiyo mchongaji wa picha hana budi kuchonga kila kitu upande usio wake. Hilo nilikuwa nikilijua kama ninavyojua jina la mama yangu, na ndiyo maana lililonipata linaniuma mpaka leo.

Ilipokaribia miaka sitini ya Mapinduzi, kamati moja ya sherehe ilitaka zawadi za wageni. Si sahani wala saa za ukutani. Walitaka boksi lililofunikwa kitambaa, ndani yake mna picha kumi na mbili zilizochapwa kwa mkono, na maboksi yawe sitini, moja kwa kila mwaka. Aliyeletwa kuzungumza na mimi alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, msomi, anaongea taratibu kama anayemsomea mgonjwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mzee yuko wapi? Mimi bado."

Akacheka. Akanieleza kuwa picha kumi na moja wamechora wachoraji wa kamati: wanawake wa mwani wa Jambiani, watu waliojaa uwanjani Amani, karafuu zimeanikwa juani, na kadhalika. Kazi yangu kuzihamishia kwenye mbao na kuzichapa.

"Na ya kumi na mbili?" nikamuuliza.

"Bado tunatafuta mchoraji."

"Umeshampata. Ya kumi na mbili ni mlango, na nitauchora mimi, nitauchonga mimi, na chini patakuwa na jina langu."

Akavua miwani akaifuta. "Mzee, kwani umesomea kuchora?"

"Wewe umesomea kutembea?"

Nikaipata.

Sasa lazima niseme kwa nini niliutaka mlango ule kwa roho yangu yote. Fundi aliyenifundisha kazi bado yu hai. Macho yamefunga, hawezi hata kutofautisha mchana na kivuli, anakaa kwa binti yake karibu na uwanja wa Amani. Nilikaa naye miaka kumi na moja kwenye karakana yake. Alikuwa na desturi moja. Mlango ukimalizika ukiwa bado umelazwa juu ya magogo, hauna ukuta wala nyumba, yeye huupapasa kutoka juu mpaka chini. Ukimpendeza, huugonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hodi!" Na sisi karakana nzima tunaitikia, "Karibu!" Hapo aliyeuchonga analala usingizi wa bwana harusi. Usipompendeza, husema, "Itafaa. Mtafutieni mtu mwenye banda la kuku."

Miaka kumi na moja mimi nilitafutiwa watu wenye kuku. Wenzangu wote walipigiwa hodi, hata yule aliyekuwa akikata vidole vyake mara nyingi kuliko mbao. Mwisho nikamuuliza mbele ya watu, "Fundi, mlango huu una kasoro gani?"

"Kasoro yake wewe," akasema. "Unachonga huku unaangalia nani anakuangalia."

Nikaweka patasi chini nikatoka. Nikafungua kazi yangu, nikampita kwa mali, kwa jina na kwa wateja. Lakini ile hodi sikuipata, na kitu usichokipata hakikuachi ukakaa.

Basi ubao wa kumi na mbili niliuchonga nimefunga mlango wa karakana. Zile picha kumi na moja nilizifanya kwa utaratibu: nilinakili mchoro wa mchoraji kwenye karatasi nyepesi inayoonesha upande wa pili, nikaigeuza, nikaibandika kwenye ubao, nikafuata mistari. Ule wangu sikuunakili popote. Ningenakili nini? Mlango uko mkononi mwangu. Nilichukua penseli nikauchora moja kwa moja juu ya mfenesi, nikachonga maua ya boriti ya juu, minyororo ya pembeni, misumari ya shaba, na mfaa, ule mhimili wa katikati unaofunika mahali milango miwili inapokutana. Chini nikachonga jina langu, herufi moja moja, kinyume, kwa uangalifu kama ninayemnyoa mtoto.

Karatasi zililetwa kutoka nje, nene, laini, kila picha na karatasi zake sitini na kumi za akiba. Nikachapa. Kwenye kamba za karakana milango sitini ilining'inia inakauka. Yule dada wa kamati alipokuja kutazama alisimama katikati yake akaweka mkono kifuani.

"Mashaallah. Hii ndiyo itakayokuwa juu kabisa kwenye boksi."

"Nilijua," nikamwambia.

Alipoondoka nikaufuta wino ubao wangu, nikaufunga kwenye kanga ya mke wangu, nikaenda Amani.

Kule uwanjani wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya gwaride, tarumbeta zinapigwa zinakatishwa, zinaanzwa tena. Fundi alikuwa sebuleni, amekaa kwenye mkeka, amekasirishwa na zile tarumbeta.

"Nani?"

Nikamtajia jina.

"Aha. Tajiri." Akanyoosha mkono. "Umekuja kuninunua?"

"Nimekuja kukuonesha kazi, fundi."

"Nioneshe mimi? Basi na yule kiziwi wa jirani kamwimbie."

Nikauweka ubao mapajani mwake. Vidole vyake vikaanza juu, kwenye maua, vikateremka. Alipofika kwenye mfaa akausugua kwa kidole gumba, kwenda na kurudi. Akapapasa mlango dume, akapapasa jike. Kwa asiyejua: mlango wetu una pande mbili. Ukisimama nje, dume liko mkono wako wa kulia, na ndilo linalofunguliwa kwanza. Jike liko kushoto, limebeba mfaa, linabaki limefungwa mpaka itakapohitajika jeneza au kitanda kipite. Haijapata kuwa vyengine. Akarudi juu, akashuka tena. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake, mtu mzima mwenye mvi.

Akaugonga mara tatu.

"Hodi," akasema.

Binti yake jikoni, mikono imo ndani ya unga, ndiye aliyeitikia, "Karibu!"

Nilirudi mjini kwa miguu. Amani mpaka Mji Mkongwe si karibu kwa mtu wa umri wangu, lakini ningekaa wapi? Kila niliyepishana naye nilitaka kumsimamisha. Mke wangu nilimweleza mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Bwana wee, nshasikia. Kapiga hodi. Na wewe ingia basi, ukae."

Nilikaa. Halafu nikasimama. Kulikuwa na kitu hakijakaa mahala pake, kama kokoto ndani ya kiatu, lakini nikivua kiatu siioni. Niliitazama milango yangu sitini kwenye kamba, nikaitazama tena. Mizuri. Lakini macho yangu yalikuwa hayataki kutulia juu yake, yakifika yanateleza. Nikadhani ni furaha, maana furaha ya aina ile nilikuwa siijui.

Asubuhi ya pili nilikuwa na miadi Mkunazini, mtu anataka kabati la ukutani nikampimie. Nyumba ya zamani, mlango wa zamani. Nikasema bismillahi, mkono wa kulia ukaenda kulia, ukasukuma dume, dume likafunguka, mguu wa kulia ukatangulia. Nikabaki hapo hapo, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mkono wangu ulikuwa umejua kabla yangu.

"Karibu, pita," mwenye nyumba ananiambia. "Mbona umesimama kama mdai?"

Nikamwambia nitarudi. Mpaka leo kabati lile sijalipima. Nilikimbia, nikafungua karakana, nikasimama mbele ya karatasi ya kwanza, nikanyoosha mkono wa kulia kama ninayeingia. Ukagusa mfaa. Ukagusa jike. Dume lilikuwa kushoto. Yote sitini, dume kushoto. Na chini yake, zuri, limenyooka, linasomeka na kila mtu: jina langu. Nililikumbuka jina langu nikaligeuza, nikausahau mlango. Mkono uliochonga milango maisha mazima uliuchonga vile unavyoujua, sawasawa kwa vidole vya fundi, na karatasi ikaugeuza.

Nilikaa sakafuni. Hilo la kukaa nililiweza siku ile.

Yule dada alifika mchana kuchukua picha zipelekwe kwa watengeneza maboksi. Akanikuta nazishusha nazirundika.

"Unafanya nini, mzee? Hizo zishakauka!"

"Hazifai."

"Hazifai nini?"

"Tazama."

Akatazama. Akasogea, akarudi nyuma, akavua miwani akaivaa. "Sioni kitu."

"Dume liko kushoto."

"Dume gani?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake. Halafu akasema, "Mzee wangu, wageni wanatoka nchi za watu huko. Nani atajua?"

"Kila mtu anaeingia nyumbani kwake."

"Mimi nimezaliwa Vuga na sikujua."

"Ulijua. Leo ukifika kwenu, kabla hujafungua, angalia mkono wako unakwenda wapi."

Akatazama mkono wake kweli, masikini. Akaniuliza kama karatasi zipo. Hapo nikanyanyua kichwa kidogo: mchapaji mwengine angekuwa amemaliza akiba yote kwa kuharibu, mimi siharibu. Akiba ya zile picha kumi na moja ilikuwa imebaki karibu yote, na inatosha kuchapa mlango upya. Akanipa siku tatu. "Tatu, mzee, si nne. Wa maboksi hawanisikilizi mimi, ndio watanisikiliza kwa ajili ya dume na jike?"

Siku zile tatu nisingemtakia adui. Nilibeba kioo cha meza ya mke wangu mpaka karakana, nikakisimamisha mbele ya ubao mpya, nikachonga huku natazama kioo. Mikono ilikataa. Naiambia mfaa kulia, inakwenda kushoto. Naikemea, inatii dakika moja, ikisahaulika kidogo inarudi kwake kama mbuzi aliyeuzwa kijiji cha pili. Niliharibu ubao mmoja mzima nikauvunja kwa goti. Nilikuwa nachonga mstari mmoja nasimama, nazunguka chumba, nagusa mlango wa karakana kwa mkono wa kulia, narudi. Mafundi wangu walikuwa wananikwepa. Mke wangu aliyaona yale makaratasi sitini nimeyachana yamejaa kwenye gunia. "Hasara ilioje," akasema. "Si bora ungenipa nifungie maandazi? Karatasi nzuri hiyo, mafuta yasingepenya."

Siku ya tatu nikachapa. Karatasi ya kwanza nilipoibandua niliijaribu kwa mkono kabla ya macho. Kulia. Dume. Nikahema.

Maboksi yakaenda, sherehe zikafika, wageni wakapewa. Yule dada alinipigia simu kunambia kuwa mlango ndio uliosifiwa kuliko vyote, na kwamba siku ile alipofika kwao alisimama mlangoni mpaka mama yake akamuuliza kama amefukuzwa kazi. Mtu mwengine angekunja miguu akapumzika.

Lakini fundi alikuwa anasema. Mtaa mzima wa Amani alikwishauambia kwamba yule mwanafunzi wake jeuri ameleta mlango, na yeye kaupigia hodi. Wazee wakinikuta msikitini wananishika mkono: "Tumesikia, bwana, hongera, hodi imepigwa." Na mimi kila hongera naisikia kama mwiba. Ubao aliougonga ndio ulioharibu karatasi sitini. Ubao uliokwenda kwenye maboksi hajaugusa, na akiugusa, kwa vidole vyake ni kazi ya mtu asiyejua hata kufungua mlango wa kwao.

"Si umeshaipata hodi yako?" mke wangu akasema. "Nyamaza nayo. Haoni. Nani atamwambia?"

Kweli, nani? Nilinyamaza wiki moja. Niliitumia kwa kutembea. Siku ya nane nikatia mbao zote mbili ndani ya gunia.

Safari hii uwanja ulikuwa kimya. Nilimkuta anakula boga la nazi, nikasubiri anawe. Nikampa ule ubao wa kwanza. Akautambua mara moja, akatabasamu. Nikamwambia yote: karatasi inageuza, jina nililigeuza, mlango sikuugeuza, picha sitini nimezichana.

Tabasamu lilimtoka taratibu.

"Kwa hiyo huu haukuchapwa."

"Ulichapwa, ukaharibu."

"Kwa hiyo mimi nimepigishwa hodi nyumba haina watu."

"Fundi..."

"Nyamaza! Mtaa mzima nshauambia. Nimekwenda kujisifia mwanafunzi, mimi, katika uzee huu, na mwanafunzi mwenyewe wewe." Akausukuma ubao ukaanguka mkekani. "Huo mwengine uko wapi? Ule ulioingia huko kwa wakubwa."

Nikauweka mapajani mwake. Nilitamani kumpa mgongo nisione. Vidole vilianza juu kwenye maua, vikateremka vizuri, vikafika katikati vikakwama. Vikarudi. Akageuza ubao juu chini, akadhani nimempa vibaya, akaurudisha.

"Nani kakufundisha kuweka dume hapa?"

"Ndio uliotoka sawa kwenye karatasi, fundi. Ubao ukiwa hivi, karatasi inakuwa vile."

"Karatasi siijui mimi. Mlango naujua."

Nikachukua mikono yake miwili nikaiunganisha, kiganja kwa kiganja, kama ya anayeomba radhi. "Huu wa kushoto ubao, huu wa kulia karatasi. Vinalaliana. Vidole gumba viko upande mmoja. Sasa fungua." Nikaifungua mikono yake kama kitabu. Vidole gumba vilikuwa pande mbili mbalimbali, kila kimoja kwake. Akavichezesha. Akaiunganisha tena mwenyewe, akaifungua tena. Binti yake alikuwa ametoka jikoni anatutazama, hajui acheke au alie.

Akaurudia ubao. Sasa alikwenda polepole kuliko nilivyopata kumuona, sentimita kwa sentimita.

"Dume kushoto," akawa anajisemea, "mfaa kulia. Huu nimewahi kuukuta. Kila siku naukuta." Akausugua mfaa. "Ndivyo unavyoukuta mlango ukiwa ndani. Huu ni mlango wa mtu anaetoka."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimechonga milango yote ile na sikulifikiria.

"Basi, fundi," nikasema, na sauti yangu haikuwa ile ninayozungumza nayo na wateja, "na huu nao?"

"Na huu nao nini?"

"Huupigii?"

"Anaetoka hapigi hodi, mjinga we. Anaaga." Kidole chake gumba kilikuwa kwenye mfaa, kinakwenda na kurudi. "Haya, aga uende zako."

Nikasimama. "Kwaheri, fundi."

Nikanyoosha mkono niuchukue ubao wangu, akaukumbatia.

"Nimekwambia uage wewe. Nimesema uchukue?"

Akaendelea kuupapasa, kutoka chini sasa, kwenda juu. Binti yake akaleta kikombe cha chai akakiweka mkekani, mahali nilipokuwa nimekaa. Nilibaki nimesimama na gunia mkononi. Sikuambiwa nikae, wala sikuambiwa tena niende.